Pumzi ya injini: mvuke wa oili kwenye boti ya kasi, kutoka Mbeya hadi Matema

Mwezi wa Julai mwaka jana, baada ya dakika 20 tu za kukimbia kwa mafuta yote, yaani mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho, kwenye Ziwa Nyasa, nilifungua mfuniko wa chumba cha injini cha boti niliyokuwa nimeikabidhi kwa mwenyewe kwa imani kubwa, nikakuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imesukumwa nje ya bomba lake karibu sentimita 3, na kila kitu, kuanzia betri hadi ukuta wa faiba, kimepakwa oili nyembamba kana kwamba mtu amepita na bomba la kupulizia rangi. Wavu wa kuzuia moto unaokaa juu ya kabureta ulikuwa umelowa, na tone la oili lilikuwa linaning'inia kwenye ukingo wake wa chini. Harufu ya petroli ilikuwa wazi. Nilizima swichi kuu ya betri, ambayo tuliiweka nje ya chumba hicho, nikawaomba abiria wawili waliokuwa nasi wakae omo, mbali na injini, kisha tukavutwa hadi ufukweni Matema na wavuvi wenye mtumbwi wa injini ndogo ya nje.

Injini yenyewe ni V8 ya petroli ya lita 5.7, iliyofungwa ndani ya boti ya faiba, na niliifungua na kuifunga upya mimi mwenyewe kwenye gereji yangu Soweto, jijini Mbeya. Niliiwekea pistoni zilizofuliwa, ringi mpya (pete zinazoizunguka pistoni na kuziba silinda), na kamshafti (shafti inayofungua valvu) yenye nguvu zaidi kuliko ile ya awali. Kwa siku mbili iliunguruma kwenye stendi ikipozwa kwa maji ya bomba, na kwa siku hizo mbili haikutoa hata tone. Mvuke uliotoka kwenye bomba lake la kupumulia ulikuwa hafifu kiasi kwamba ukiweka kiganja unahisi joto tu. Niliamini kazi imekwisha. Swali lililonisumbua tangu siku ile ya Matema, na ambalo sasa naweza kulijibu kwa vipimo, ni kwa nini injini iliyo safi Mbeya iwe chafu ziwani.

Mafundi wenzangu hapa huita hali hiyo "injini kupumua", na neno hilo ni sahihi kuliko wanavyodhani. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapowaka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi yenye shinikizo hupenya kwenye upenyo wa ringi na kushuka chini, kwenye krankikesi, yaani chumba ambamo krenki, shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, inazunguka juu ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Hakuna ringi inayoziba asilimia 100, kwa sababu ringi lazima iwe na nafasi ya kutanuka inapopata joto; kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 101.6 kama za injini hii, mimi huacha nafasi ya karibu milimita 0.5 nikiipima kwa fila geji, maana ringi ya boti inayofanya kazi nzito ikigusana ncha kwa ncha huvunjika na kuichana silinda. Pistoni zilizofuliwa nazo hutaka nafasi kubwa zaidi kuliko za kawaida kwa kuwa hutanuka zaidi, hivyo injini yenye nguvu hupumua zaidi kuliko ya kawaida hata ikiwa mpya kabisa. Gesi hizo hukuta chini kuna krenki inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika na kuipiga oili hadi iwe ukungu. Lazima gesi zitoke, na zikitoka kwa kasi huubeba ukungu huo pamoja nazo. Kinachotoka, basi, ni mchanganyiko wa gesi zilizoungua, petroli ambayo haikuungua, mvuke wa maji na matone ya oili, mengine makubwa ya kuonekana na mengine madogo kuliko chembe ya vumbi.

Hapa ndipo jiografia yetu inapoingia. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Ukishuka kutoka Uyole kupita Tukuyu hadi Kyela, masikio yako hukuambia kwamba hewa inakuwa nzito, lakini injini inaliona jambo hilo kwa ukubwa zaidi: shinikizo la hewa Mbeya ni karibu kilopaskali 82 au 83, na ziwani ni karibu 96. Maana yake ni kwamba mafuta yakifunguliwa yote, kila silinda hujazwa hewa zaidi kwa karibu moja ya sita, huungua kwa shinikizo kubwa zaidi, na husukuma gesi nyingi zaidi kupitia upenyo uleule wa ringi. Mwenye boti hufurahi kwamba injini imepata nguvu mpya, na ni kweli imepata. Krankikesi nayo imepata mzigo mpya ambao kule juu haikuwahi kuonyeshwa.

Niseme pia jambo ambalo limewagharimu watu fedha nyingi katika mkoa huu. Geji ya kampresha, ile inayopima silinda inavyobana hewa, ikiwekwa kwenye injini nzima ambayo kitabu chake kinasema pauni 175 kwa inchi ya mraba usawa wa bahari, hapa Mbeya itasoma karibu pauni 142, na injini haina ubaya wowote. Nimeona injini zikifunguliwa na kununuliwa ringi kwa sababu ya tofauti hiyo pekee. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kile cha kujaza silinda hewa ya kampresa huku pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha kuona ni asilimia ngapi inavuja, na kusikiliza inavujia wapi: ukisikia mvumo kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, kwenye sailensa ni valvu ya kutoa, na kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi. Injini ya Matema niliipima kwa njia hiyo siku iliyofuata nikiwa na kampresa ndogo ya kukodi. Silinda zote nane zilivuja kati ya asilimia 5 na 8, kiasi ambacho kwa injini yenye pistoni za aina hiyo ni afya njema. Tatizo halikuwa ringi.

Sababu ya pili ni mzigo wenyewe. Gari linalotembea tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake, ila boti inayokimbia juu ya maji haina mteremko wala tambarare. Maji huisukuma nyuma kila sekunde, na dereva akipunguza mafuta boti huzama tumbo na kusimama. Anayejua barabara ya TANZAM aifikirie lori iliyojaa mzigo ikipanda Kitonga, lakini mlima usiwe na kilele, upandwe asubuhi hadi mchana. Ndiyo kazi ya injini ya boti ya kasi. Stendi yangu ya Mbeya, yenye injini iliyozunguka bila mzigo kwenye hewa nyepesi, haikuwa imenijulisha lolote kuhusu hali hiyo, na sasa siikabidhi injini ya boti kwa ushahidi wa stendi.

Baada ya hapo ilinibidi nipige hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mapema. Injini ya lita 5.7 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika humeza karibu lita 13,700 za hewa kila dakika. Tuchukue kwamba asilimia 1 tu inapenya ringi: hizo ni lita 137 kwa dakika zinazotafuta mlango wa kutokea. Injini niliyoifunga ilikuwa na mlango mmoja, mpira wa kipenyo cha ndani cha milimita 12 uliotoka kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha valvu) ya kulia hadi chini ya wavu wa kuzuia moto, kwa kuwa ndivyo ilivyokuja, nami sikuuhoji. Katika mpira huo gesi hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, mwendo wa basi kwenye lami. Upepo wa namna hiyo hauachi tone nyuma. Ukiubadili mpira kuwa wa milimita 25, nafasi yake ya ndani huongezeka zaidi ya mara nne, na gesi hushuka hadi chini ya mita 5 kwa sekunde. Ukiweka miwili, mmoja kila tapeti kava, zinakuwa mita 2 na kidogo, na kwa mwendo huo matone makubwa huanguka yenyewe na kurudi yalikotoka. Kuhusu mvuke wa oili, hili ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote: kazi kubwa hufanywa kwa kuipunguzia gesi mwendo kabla haijafika kwenye chombo chochote cha kunasia. Watu huanza na tanki la kunasia oili kwa sababu linauzwa, linang'aa na linaonekana, kisha wanaliunganisha kwa mpira mwembamba na kushangaa linajaa kila safari.

Hata hivyo hesabu ni makisio, na nilitaka kuona. Pale Matema palikuwa na nyumba inayojengwa karibu na ufukwe, nikamwomba fundi ujenzi aniazime mpira wake wa levo, ule mwangavu wanaoujaza maji ili kusawazisha kuta. Alisita. "Kaka, ukiuingiza oili ndani mimi sitaona maji tena," aliniambia, na alikuwa na haki, kwa hiyo nilimwachia fedha ya mpira mpya. Niliukunja kama herufi U dhidi ya ubao, nikaujaza maji hadi nusu, ncha moja nikaiunganisha na bomba la dipstiki kwa klampu na nyingine nikaiacha wazi. Kifaa hicho hakidanganyi. Shinikizo likiongezeka kwenye krankikesi, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, na tofauti ya urefu ndiyo kipimo; kila milimita 100 za maji ni karibu kilopaskali 1. Boti ikiwa imesimama injini ikinguruma taratibu, tofauti ilikuwa milimita 8. Kwa mizunguko 3,000 ilikuwa 45. Kwa mafuta yote, kijana anayenisaidia akiwa ameshika ubao kwa mikono miwili huku boti ikipiga mawimbi, ilifika 160 na kuchezacheza hapo. Shinikizo hilo linaonekana dogo, lakini linasukuma kila sili ya krenki na kila gasketi ya sampu kwa saa nzima, na ndilo lililoitoa dipstiki kwenye bomba lake.

Kabla ya kugusa mipira nilishughulikia oili iliyomo ndani, kwa sababu hakuna njia ya kupumulia itakayoishinda krenki inayochota oili. Injini ya boti hufungwa ikiwa imeinama kuelekea tezi, na boti inapoanza kukimbia omo huinuka na mwinamo huo huongezeka, kwa hiyo oili hukusanyika nyuma ya sampu. Alama za dipstiki nilizozitegemea zilikuwa za injini iliyolala sawasawa kwenye stendi. Nilimwaga oili yote, nikaweka kipimo sahihi cha kitabu pamoja na cha filta, nikaacha boti ielee mahali pa utulivu kwa nusu saa, kisha nikachomoa dipstiki na kukwaruza alama mpya kwa msumeno mdogo. Alama mpya iko chini ya ile ya zamani kwa milimita 11. Nilikuwa nimejaza oili kupita kiasi bila kujua, na viungo vya krenki vya nyuma vilikuwa vinaichapa kama mchapo wa mayai. Baadaye, injini ilipofunguliwa chini kwa ajili ya kazi nyingine, niliweka pia bati la kutenganisha krenki na oili, lenye matundu ya kupitisha oili kushuka bila kuruhusu upepo wa krenki kuinyanyua. Bati hilo ni la bei nafuu kuliko tanki lolote, na ningeliweka tangu mwanzo kama ningekuwa nimefikiri sawasawa.

Wengine waliniuliza kwa nini nisitumie tu ile valvu ndogo ya kupumulia kama ya gari, inayonyonya gesi za krankikesi na kuzipeleka kwenye manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ziungue upya. Valvu hiyo ilianza kutakiwa kwenye magari huko California mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kupunguza moshi wa miji, na kwa gari ni kitu kizuri sana. Inategemea mvuto ulio ndani ya manifoldi wakati mafuta yamefungwa kwa sehemu. Kwenye boti inayokimbia kwa mafuta yote mvuto huo unakaribia sifuri, wakati ambapo gesi za kupenya ndizo nyingi kuliko wakati wowote, kwa hiyo valvu hulala usingizi saa ya kazi. Inaweza kubaki kwa ajili ya mwendo wa polepole, mradi kuwe na njia kubwa nyingine. Na kwenye injini ya turbo lazima iwe na kizuizi cha kurudi nyuma kinachofunga kweli, vinginevyo turbo itajaza upepo kwenye krankikesi na kufanya kinyume cha kilichokusudiwa. Gesi za injini ya namna hiyo zinapaswa kuingizwa kabla ya turbo, zikiwa zimeshachujwa oili, ili zisipake grisi kwenye kipoza hewa.

Mpangilio niliouchagua ni huu. Kila tapeti kava ina shingo ya milimita 25, na ndani ya kava, chini ya shingo hiyo, kuna kibati kinachozuia oili inayorushwa na roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, isiingie moja kwa moja. Mipira miwili isiyoharibiwa na oili wala petroli hupanda bila kuinama popote hadi kwenye tanki lililofungwa juu kuliko injini. Sisitizo langu liko kwenye kutoinama: mpira ukining'inia kama kamba ya kuanikia nguo, maji na oili hujikusanya kwenye tumbo lake na kuuziba, na unarudi kwenye shinikizo la awali huku kila kitu kikionekana kipana. Tanki ni la chuma kisichoshika kutu, lita 3, limechomelewa hapa Mbeya, na ndani lina kuta mbili zinazoilazimisha gesi kugeuka ghafla. Matone yenye uzito hushindwa kugeuka na hugonga ukuta. Matone madogo sana hufuata gesi kokote inakopinda, na hayo yanahitaji kitu chenye nyuzi nyingi ili yagusane, yaungane na yawe mazito. Kwa ajili hiyo nilijaza nusu ya tanki kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu. Tafadhali usiweke stilwaya ya kusugulia masufuria, kama nilivyoona kwenye boti moja: hushika kutu, hukatika kuwa nyuzi fupi kama nywele, na nyuzi hizo zina njia mbili tu, kwenda kabureta au kurudi kwenye beringi za krenki. Kutoka juu ya tanki, mpira mmoja mpana hupeleka gesi safi chini ya wavu wa kuzuia moto, ambako mvuto mdogo wa hewa inayoingia unazisaidia kutoka.

Nilifikiri sana kuhusu chini ya tanki. Wapo wanaorudisha yaliyonaswa kwenye sampu kwa mpira unaoishia chini ya usawa wa oili, na kwa injini inayokimbia saa nyingi ikiwa moto nakubaliana nao. Kwa boti hii niliweka bomba la koki na chupa. Uamuzi huo ulitokana na chupa ya kwanza kabisa niliyoimwaga, ambayo niliiacha usiku kucha kwenye dirisha la chumba nilicholala. Asubuhi ilikuwa imejigawa matabaka matatu: juu oili nyeusi yenye harufu kali ya petroli, katikati uji wa rangi ya chai ya maziwa, na chini kabisa maji ya rangi ya kahawia hafifu, karibu theluthi ya chupa. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa takribani lita moja ya maji, ambayo karibu yote hutoka na moshi kama mvuke, na sehemu inayopenya ringi hugeuka maji inapokutana na chuma kilichopoa. Injini hii hupozwa kwa maji ya ziwa moja kwa moja, na kipoza oili chake kilikuwa kikubwa kupita mahitaji. Nilipopima, oili ilikuwa na nyuzi joto 68 tu baada ya safari. Oili baridi namna hiyo haifukuzi maji wala petroli iliyoyeyuka ndani yake. Niliongeza thamostati ya oili ambayo haipeleki oili kwenye kipoza mpaka ifike karibu nyuzi 82, na sasa oili hufanya kazi kati ya 90 na 100. Uji wa maziwa umepungua hadi kuwa utando chini ya mfuniko wa oili asubuhi za baridi. Anayeuona uji huo kwake asikimbilie kulaumu gasketi ya kichwa kabla ya kupima joto la oili, wala asiipuuze gasketi kama maji yanaendelea baada ya joto kuwa sahihi.

Kuna watu wanaokata mpira wa kupumulia na kuuacha uishie ndani ya chumba cha injini, wakisema kwamba ni mvuke tu. Kwenye boti ya petroli jambo hilo linanitia hofu ya kweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kukaa huko, na chumba cha injini cha boti hakina matundu ya chini kama boneti ya gari. Ndiyo sababu Marekani imelazimisha wavu wa kuzuia moto kwenye injini za petroli za ndani ya boti tangu mwaka 1940, ndiyo sababu stata na altaneta za boti hujengwa zisitoe cheche nje, na ndiyo sababu feni ya chumba cha injini inapaswa kuzunguka angalau dakika 4 kabla ya kuwasha. Wavu uliolowa oili, kama ule wangu, huibana injini pumzi na wenyewe huwa utambi. Kwenye meli kubwa za dizeli ukungu wa oili ndani ya krankikesi ni hatari yenye historia yake: mwaka 1947 mlipuko wa krankikesi kwenye meli Reina del Pacifico, ikiwa kwenye majaribio karibu na Belfast, uliua watu 28. Leo injini za meli zenye nguvu ya kilowati 2,250 na zaidi, au silinda za kipenyo kinachozidi milimita 300, hutakiwa kuwa na vifaa vya kugundua ukungu huo mapema, au vya kufuatilia joto la beringi, au vingine vinavyolingana navyo. Injini ya boti yetu ni ndogo mno kwa masharti hayo, lakini oili, hewa na chuma cha moto hufuata kanuni zilezile.

Oili iliyobaki kwenye ngama nayo haibaki. Pampu huitupa ziwani pamoja na maji, na pale Matema asubuhi, wanawake wakichota maji hatua chache kutoka mahali boti zinapoegeshwa na watoto wakiosha dagaa usipa, niliona utando wenye rangi za upinde wa mvua ukielea kutoka kwenye boti niliyoitengeneza mimi. Sikuhitaji sababu nyingine ya kuifanya kazi hii upya bila malipo. Sasa chupa ya oili hupanda gari hadi Mbeya, ambako huingia kwenye pipa la oili chafu la gereji.

Pampu ya kunyonya krankikesi, inayoendeshwa kwa mkanda, sikuiweka, ingawa najua ni nzuri kwa injini za mashindano: huwafanya ringi wakae vizuri na huipunguza oili inayorushwa, lakini ikinyonya kupita kiasi huinyima pini ya pistoni ukungu wa oili unaoilainisha, na mkanda wake ukikatika katikati ya ziwa hakuna duka. Zile valvu zinazonyonya gesi za krankikesi kwa mvuto wa sailensa zinafaa kwenye sailensa kavu iliyo wazi. Sailensa ya boti hii huchanganywa na maji ya kupozea, na sitaki njia yoyote inayounganisha maji hayo na krankikesi.

Tulirudi ziwani mwezi wa Septemba na ubao uleule wenye mpira wa levo. Injini ikinguruma taratibu maji yalisimama karibu sawa pande zote mbili. Kwa mizunguko 3,000 tofauti ilikuwa milimita 12. Kwa mafuta yote, kwa nusu saa kuelekea kusini chini ya Milima ya Livingstone, ilikuwa milimita 35, na dipstiki haikutikisika. Nilipofungua mfuniko niliipangusa tapeti kava kwa kitambaa cheupe na kikabaki cheupe. Chupa ilikuwa na kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Mwenye boti sasa ana daftari ambalo huandika saa za injini, kiasi cha chupa na, kila baada ya saa 50, kipimo cha maji. Kwenye kipimo cha mwisho alichonitumia kwa simu ilikuwa milimita 38. Tumekubaliana kwamba ikifika 60 bila mpira wowote kuziba, nashuka na kampresa kupima ringi kabla boti haijachukua abiria tena.